Zamu 11 katika wikendi 16: kisa cha lalamiko la uonevu katika jeshi la Uingereza

Kuhusu kisa hiki

Nimetumikia vikosi vya ulinzi vya Uingereza kwa zaidi ya miaka kumi, na katika muda huo nimesimama kama msaidizi wa mlalamikaji mara tatu. Hiki ni kisa kimojawapo. Mlalamikaji ameyasoma maandishi haya na kuridhia yatoke. Tawi la jeshi, kambi, mwaka na shughuli hasa za kikosi nimeviondoa, na watu nimewataja kwa vyeo vyao tu. Mlalamikaji nimemwita Askari A. Hesabu za zamu nimeziacha kama zilivyokuwa, kwa sababu ndizo zilizoibeba kesi.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa vijana wetu wanazidi kujiunga. Novemba 2018 Uingereza iliondoa sharti la kuishi nchini humo miaka 5 kabla ya kuomba kazi ya jeshi, ikaruhusu hadi watu 1,350 kwa mwaka kutoka nchi za Jumuiya ya Madola. Wakenya, Waganda na Watanzania wamo humo. Tunaelekezana vizuri kuhusu usaili, mbio na karatasi za safari. Lakini koplo wako akianza kukuonea, ufanye nini? Hapo kila mtu anaachwa ajitafutie.

Mazingira

Raia akionewa kazini anaweza kuacha kazi na kutafuta nyingine. Askari amefungwa na mkataba, na anayemwonea ndiye anayempangia zamu, anayepitisha likizo yake, na pengine wanalala jengo moja. Kulalamika kwenyewe hupitia watu wale wale wa mlolongo wa amri.

Mfumo unaotumika umezaliwa na misiba. Kati ya 1995 na 2002 askari vijana wanne walikufa kwa majeraha ya risasi katika kambi ya Deepcut, Surrey. Tathmini ya wakili Nicholas Blake, iliyotoka 2006, ilitaka awepo mtu huru wa kuyaangalia malalamiko ya askari kutoka nje. Ofisi ya kamishna ikaanza kazi 2008, na Januari 2016 ikarithiwa na ombudsmani, yaani msimamizi huru wa malalamiko, mwenye mamlaka zaidi. Hata hivyo mambo hayakunyooka. Uchunguzi wa kamati ya ulinzi ya bunge uliotolewa Julai 2021 ulipata majibu ya wanawake zaidi ya 4,000, walio kazini na waliostaafu, na asilimia 62 kati yao walisema wamewahi kuonewa, kunyanyaswa, kubaguliwa au kushambuliwa kingono wakiwa jeshini.

Njia yenyewe wakati wa kisa hiki ilikuwa hivi. Askari anajaza fomu ya lalamiko la kiutumishi. Afisa aliyeteuliwa anaamua kama lalamiko linapokelewa. Likipokelewa, anateuliwa mwamuzi, na kwa mashtaka ya uonevu huletwa mchunguzi aliyefunzwa, mara nyingi raia anayelipwa kwa kazi hiyo. Mlalamikaji na mlalamikiwa kila mmoja ana msaidizi wake. Kipimo cha ushahidi ni lile lenye uwezekano mkubwa zaidi kuwa kweli. Hapatakiwi uhakika wa mahakama ya jinai. Muda wa kulalamika ni miezi 3 tangu tukio, au miezi 6 kama jambo lenyewe ni ubaguzi unaoweza kufikishwa kwenye baraza la kazi, yaani mahakama ya kesi za ajira, chini ya Sheria ya Usawa ya 2010. Tofauti hiyo ya miezi 3 na 6 ilikuja kututesa, na nitaieleza.

Askari wa Madola ana hofu moja ya ziada. Akiwa kazini amesamehewa masharti ya uhamiaji. Akitoka jeshini msamaha unakoma, anabaki na siku 28 za kuomba kibali au kuondoka, na ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kuuomba akiwa ametumikia angalau miaka 4. Askari A alikuwa na mwaka mmoja na nusu.

Yaliyotokea

Alipelekwa kwenye seksheni ya stoo ya vipuri yenye askari 8 wa kawaida, yeye akiwa mwanamke pekee na Mwafrika pekee. Koplo aliyeiongoza stoo alikuwa hodari wa kazi, na hili nalitaja mapema kwa sababu uhodari huo ulimkinga sana. Mfumo wa kompyuta wa vipuri ulimtegemea yeye, na mazoezi makubwa ya kikosi yalikuwa yamekaribia.

Kuanzia wiki ya 3 koplo alianza kurudia maneno ya A kwenye redio ya upepo kwa kuiga lafudhi yake, na wengine wakicheka hewani. Akamzoesha jina la "Pasipoti", kwa maana kwamba alichofuata jeshini ni uraia tu. Wiki ya 7 kwenye kundi la WhatsApp la seksheni ikawekwa picha yenye uso wa A uliobandikwa juu ya kitabu cha pasipoti, na chini yake maneno ambayo sitayarudia hapa. Ilifutwa baada ya dakika chache.

Wiki ya 9 A alimwendea sajini meja wa kombania. Sajini meja alikasirika kwa dhati. Alimwambia, "Niachie mimi," akaenda kumkemea koplo ukumbini, nje ya ofisi, bila shahidi na bila kuandika lolote. Kwa wiki mbili palikuwa shwari. Kisha zikaja wikendi tano mfululizo za zamu.

Wiki ya 15 orodha ya kozi ya udereva wa malori ikatoka na jina la A halimo. Kozi hiyo ndiyo ngazi ya kwanza ya kupanda cheo katika fani yake. Mapendekezo ya seksheni yaliandikwa na koplo: "mawasiliano hafifu, hajiamini."

Alikuja kwangu wiki ya 17. Nilikuwa kikosi kingine kwenye kambi ile ile, tukifahamiana kupitia Wakenya wa mjini. Kazini aliniita Sajini. Jioni ile aliniita kaka. Sentensi yake ya kwanza naikumbuka: "Kaka, mimi sitaki maneno na mtu. Nataka nilale wikendi moja tu."

Hiyo ilinipa mwanga. Nilitegemea aanze na picha, au na lile jina. Yeye alianza na zamu.

Maamuzi, na kwa nini

*Kusubiri upatanisho.* Uamuzi wa kwanza ulikuwa wangu, nao ulikuwa mbaya. Nilimshauri ajaribu upatanisho kabla ya fomu, nikiamini seksheni ndogo haiwezi kupona kwa karatasi. Koplo alikubali, akaahirisha mara mbili, kisha akakataa. Wiki tatu zilipotea. Upatanisho una nafasi yake pale ambapo pande mbili zina nguvu zinazokaribiana na wote wawili wanautaka. Hapa mmoja alikuwa na kalamu ya zamu. Na hata kama ningekuwa sahihi kuujaribu, hakuna kilichonizuia kumwambia ajaze fomu siku ile ile, kwa kuwa fomu ikishaingia saa inasimama na upatanisho unaweza kuendelea.

*Neno alilokataa kuliandika.* Fomu iliingia wiki ya 20. Nilimwonyesha mahali pa kutaja ubaguzi wa asili na rangi. Alikataa. "Watasema natumia rangi yangu," alisema. "Nimeonewa, basi." Niliheshimu uamuzi wake, kwa kuwa lalamiko ni la mwenyewe, msaidizi hana lalamiko. Lakini sikumweleza vya kutosha gharama yake. Lalamiko likisoma "uonevu" pekee lilipimwa kwa miezi 3, na afisa aliyeteuliwa akaikataa sehemu ya redio kwa kuwa imepitwa na wakati. Picha ya wiki ya 7 ilinusurika kwa siku tatu tu.

*Kwenda kwa ombudsmani.* Tuliomba sehemu iliyokataliwa iangaliwe upya. Hoja yetu ilikuwa nyepesi: mtu anayeiga lafudhi ya Mkenya na kumwita Pasipoti amemgusa kwa asili yake, hata kama mlalamikaji hakulitumia neno hilo. Ombudsmani alikubaliana nasi, na juu ya kupokelewa kwa lalamiko uamuzi wake hulifunga jeshi. Lalamiko likarudi zima, ila wiki 9 zilikuwa zimekwenda.

*Nani ahamishwe.* Mkuu wa kikosi alimhamisha A siku mbili baada ya fomu, akampeleka stoo ya mavazi. Sababu aliyoitoa ilieleweka: koplo hakuwa na mbadala kabla ya mazoezi. Nilimwandikia kwamba kambi nzima imekwisha kusoma hukumu kwenye uhamisho huo, kwamba A ameondolewa kwenye kazi inayohesabiwa kwa kozi, na kwamba mashahidi watano wamebaki chini ya koplo wakipangiwa zamu naye. La tatu ndilo lililomgusa. Baada ya wiki mbili koplo alihamishwa na A akarudi. Mazoezi yalifanyika. Vipuri vilipatikana.

*Mashahidi.* Mchunguzi aliwahoji watu 9. Askari mwingine wa Madola, ambaye alikuwepo kwenye mambo mengi zaidi ya wote, alikataa kuzungumza. Alikuwa na mke na mtoto, na kibali cha familia kilikuwa kinasubiriwa. Picha iliyofutwa ilitolewa na kijana Mwingereza wa seksheni ile ile, aliyekuwa ameihifadhi kwenye simu tangu siku ya kwanza bila kumwambia mtu. Alipoulizwa kwa nini, alisema hakuipenda. Mchunguzi aliandika hivyo hivyo.

*Ushahidi wa zamu.* Koplo alitunza orodha kwenye faili moja la kompyuta na kuifuta ya wiki iliyopita kila alipoandika mpya. Rasmi, historia haikuwepo. Lakini kila Ijumaa A alikuwa akiupiga picha ubao wa zamu na kumtumia mama yake nyumbani, ili mama ajue siku ya kupiga simu. Picha 16 zilikuwa zimekaa kwenye mazungumzo ya mama na binti, kati ya salamu na habari za mahindi. Tulizipanga mezani. Wikendi 16, askari wawili kila wikendi, nafasi 32. Watu 8 wakigawana sawa, kila mmoja anapata 4. A alikuwa na 11. Saba waliobaki waligawana 21.

Matokeo

Uamuzi ulitoka wiki 41 baada ya fomu. Lengo la mfumo ni wiki 24, na ripoti za mwaka za ombudsmani zimelalamikia ucheleweshaji huo tena na tena.

Mwamuzi aliona uonevu kwa njia ya zamu umethibitika. Aliona unyanyasaji unaohusu asili umethibitika, kwa picha, kwa jina na kwa redio. Suala la kozi aliliona halikuthibitika, akieleza kwamba askari wengine wawili nao hawakuchaguliwa. Tulikata rufaa kwa hilo moja, kwa sababu hakuna aliyeuliza kama hao wawili waliandikiwa sababu zile zile. Kwenye rufaa karatasi zao ziliitishwa: mmoja alikuwa na jeraha la goti, mwingine aliomba mwenyewe asiende. Rufaa ikakubaliwa.

A alipewa nafasi katika kozi iliyofuata na barua ya kuombwa radhi. Koplo alichukuliwa hatua za kiutawala ambazo A hakuambiwa, kwa kuwa ni siri ya mtumishi. Dai la baraza la kazi, alilokuwa amelifungua kwa msaada wa wakili ili miezi 6 isimpite, alilifunga baada ya rufaa.

Uchambuzi

Nitaanza na zamu, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza zaidi ya popote. Uonevu wa jeshini hupitia kwenye amri halali. Koplo ana haki ya kupanga lindo. Ana haki ya kuandika mapendekezo ya kozi. Ukilichukua tukio moja moja, hakuna kosa hata moja kwenye zile Ijumaa 16, na kila afisa angekujibu kwamba askari hupangiwa akaenda. Ndiyo maana anayeuliza "alikutukana nini?" hupata majibu machache, na anayeomba orodha ya miezi minne hupata kesi. Matusi yalionyesha nia. Zamu zilionyesha madhara. Mchunguzi wetu, kwa sifa yake, alivisoma pamoja. Naamini bila picha za mama, zamu zingebaki neno la A dhidi ya neno la mtu ambaye mkuu wa kikosi alimtegemea.

La pili ni lugha, nalo sijaona likitajwa kwenye mwongozo wowote niliousoma. Katika mahojiano ya kwanza A alisema koplo alikuwa "anamsumbua". Alisema kwa Kiingereza, kwa neno analolitumia kila Mkenya. Kwetu kusumbuliwa kunaanza na nzi na kunafika kwa mwanamume anayekufuata hadi mlangoni usiku. Uzito unajulikana kwa sauti na kwa uso. Mchunguzi Mwingereza alisikia kero ndogo, akaandika kero ndogo. Nilipousoma muhtasari nilimwomba A anieleze kila "kusumbua" kulikuwa nini, tukapeleka nyongeza ya kurasa mbili. Yeyote anayemsaidia Mswahili katika mahojiano ya namna hii asimwachie atafsiri peke yake. Aulizwe: alifanya nini, kwa mkono gani, mbele ya nani?

Utetezi wa koplo ulikuwa kwamba ni utani wa kambini, kila mtu hutaniwa. Nilimsikiliza kwa makini, maana sisi tunatoka kwenye watu wanaoujua utani. Mnyamwezi na Mzaramo wanaweza kuchokozana hata msibani, na hakuna anayekasirika, kwa sababu mtani anayerusha ndiye anayerushiwa, na wote wawili wanajua mpaka. A hakuweza kumjibu koplo kwenye redio. Angemjibu, angeshtakiwa kwa utovu wa nidhamu. Hoja hiyo niliiandika kwenye maelezo yetu, na mwamuzi aliirudia kwa maneno yake kwenye uamuzi.

Kuhusu sajini meja nina huzuni kuliko lawama. Aliamini, alichukua hatua, hakumficha koplo. Kosa lake ni kwamba alilifanya jambo lote mdomoni. Angeandika mistari mitano kwenye daftari, tarehe na aliyoambiwa na aliyoagiza, kisha akamwita A baada ya siku kumi na baada ya mwezi kumuuliza hali, angeiona ile mfululizo wa wikendi tano ikianza. Kumkemea mtu na kumwachia kalamu ile ile ya zamu ni kumpa sababu ya kulipiza. Angeichukua orodha ya zamu siku ile, pengine kusingekuwa na fomu.

Kumhamisha mlalamikaji ni kosa ninaloliona kila mahali, hata kwenye shule na hospitali kwetu. Hufanyika kwa haraka na kwa nia njema, kwa jina la kumlinda. Mkuu wa kikosi aliyegeuza uamuzi wake ndani ya wiki mbili alistahili heshima, na nilimwambia hivyo.

Wapo wanaosema dawa ni kuyatoa malalamiko yote nje ya mlolongo wa amri. Mjadala huo umepata nguvu Uingereza, hasa baada ya mchunguzi wa vifo kuamua, Februari 2025, kwamba jeshi kutochukua hatua ipasavyo kulichangia kifo cha askari wa kike wa miaka 19 aliyefariki katika kambi ya Larkhill Desemba 2021. Alikuwa ameripoti kushambuliwa kingono na mkubwa wake. Mwaka huo huo wa 2025 ilipitishwa sheria ya kuunda Kamishna wa Majeshi wa kuchukua kazi za ombudsmani. Naunga mkono. Katika kisa chetu, kila mara lalamiko lilipopiga hatua ya maana, mtu wa nje alikuwa amelishika: ombudsmani, mchunguzi raia, jopo la rufaa. Lakini mtu wa nje huja wiki ya 20, na ile wiki ya 9 itabaki mikononi mwa sajini meja.

Na kuna yule askari aliyekataa kuhojiwa. Tulimtendea kama shahidi aliyekosekana, tukaendelea na walio tayari. Hakuna aliyekaa naye kumweleza kwa maandishi kwamba ushahidi hauingii kwenye faili la kibali cha familia yake, na kwamba kumlipiza kisasi shahidi ni kosa. Mimi pia sikukaa naye. Nilijiambia si mteja wangu. Katika zile nafasi 21 za zamu zilizogawanywa na watu saba, yake zilikuwa 6.

Barua ya radhi ilifika ikiwa na jina la ukoo la A lililokosewa herufi mbili. Aliirudisha. Iliyosahihishwa ilichukua wiki tano. Ameiweka kwenye bahasha moja na cheti cha udereva.